Programu Yako Ionekane Kwanza na Wanaoihitaji: Ushauri kwa Wasanidi Wanaoanza

Vijana wengi wanaonijia kuomba ushauri huwa wamekwisha kumaliza kazi ngumu: programu yao ya simu inafanya kazi, imepita ukaguzi wa Google, na imewekwa Play Store. Wameshatuma kiungo kwenye makundi yote ya WhatsApp waliyomo, wamepongezwa na ndugu na marafiki, kisha baada ya wiki chache idadi ya wanaopakua imesimama na haisogei tena. Wengi wao huamini kwamba kinachokosekana ni fedha za matangazo. Kwa uzoefu wangu wa kutengeneza programu kwa ajili ya vikundi na biashara ndogo, fedha si jambo la kwanza, wala si la pili. Kinachokosekana mara nyingi ni kundi la watu, hata liwe dogo kiasi gani, ambalo likiifungua programu hiyo litasema bila kusita kwamba imetengenezwa kwa ajili yake.

Ili maelezo yangu yasielee hewani, nitashika mfano mmoja mpaka mwisho: programu ya kutunza hesabu za kikoba. Nimeuchagua kwa sababu msomaji wa Tanzania anaujua utaratibu wenyewe, na msomaji wa Kenya atauona mara moja ndani ya chama chake. Vikundi vingi vya aina hii huwa na wanachama kati ya 15 na 30, ambao hukutana kila wiki au kila mwezi, hununua hisa, huchangia mfuko wa jamii, hukopeshana na kutozana faini za uchelewaji, na katika vikundi vingi fedha hufungiwa kwenye sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti. Hesabu zote hizo hukaa kwenye daftari la katibu. Anayetengeneza programu kwa ajili ya katibu huyo anajua anamtafuta nani, anampata wapi, na shida yenyewe humkuta saa ngapi: jioni ya kikao, wakati daftari linasema kiasi kimoja na fedha zilizo mezani zinasema kingine.

Nimeshika mfano mdogo namna hii kwa makusudi, kwa kuwa wanaoanza husimuliwa habari za aina nyingine kabisa. Dong Nguyen wa Vietnam alitoa mchezo wa Flappy Bird mwezi Mei 2013; ukakaa miezi mingi bila kuzungumzwa, kisha Januari 2014 ukapanda hadi kileleni mwa orodha ya upakuaji ya Marekani na nchi nyingine nyingi, na Februari ya mwaka huohuo mwenyewe akauondoa dukani. Habari hiyo ni ya kweli, lakini haina hatua ambazo mtu anaweza kuzifuata. Anayepanga kazi yake kwa kutegemea bahati kama hiyo huacha kufanya mambo yaliyo ndani ya uwezo wake, na mambo hayo ni mengi kuliko anavyodhani.

Kundi lako la kwanza linapaswa kupatikana kabla programu haijatoka. Tangu Novemba 2023, Google humtaka mwenye akaunti mpya ya mtu binafsi kuendesha jaribio la watu maalumu kabla ya kuruhusiwa kuifungua programu yake kwa umma. Mwanzoni walitakiwa watu 20, na tangu Desemba 2024 wanatakiwa angalau 12, wakae ndani ya jaribio kwa siku 14 mfululizo. Wapo wanaoliona sharti hili kuwa usumbufu mtupu, wakaenda kwenye makundi ya mtandaoni ambako wasanidi hujaribiana programu ili idadi itimie, au wakalipa watu wasiowajua. Nakusihi usifanye hivyo. Kikoba kimoja kina watu wa kutosha kutimiza idadi hiyo, na katika siku 14 utapata angalau kikao kimoja halisi ukichagua tarehe vizuri. Omba ruhusa kwa mwenyekiti, kaa pembeni ya katibu wakati anaingiza hisa za wanachama, na usimwelekeze mpaka akuombe. Utaona kidole chake kinasita wapi. Utaona pia kwamba kabla hajamaliza kuandika jina la mwanachama mmoja, wa pili amekwisha kufika mezani na noti mkononi, na hapo utaelewa kuwa orodha ya majina inapaswa kuwa tayari kwenye skrini, kila jina na kitufe cha kuongeza hisa pembeni yake. Jambo hilo huwezi kulibuni ukiwa peke yako chumbani, na ndilo litakalomfanya katibu huyo amwambie katibu wa kikundi jirani.

Kikao hichohicho ndicho kitakachokupa maneno ya kuandika dukani. Msanidi aliyesomea kompyuta au uhasibu hupenda kuandika kitu kama «Mfumo wa Kidijitali wa Usimamizi wa Fedha za Vikundi», maneno ambayo hakuna katibu atakayeyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Katibu ataandika «hesabu za kikoba», «daftari la vicoba» au «kugawana hisa», na mwenzake wa Nairobi ataandika «chama». Play Store hutoa nafasi ya herufi 30 tu kwa jina la programu, 80 kwa maelezo mafupi na 4,000 kwa maelezo kamili, na utafutaji huzingatia sehemu zote tatu. Jina kama «Daftari la Kikoba: Hisa, Mgao» linaenea ndani ya herufi 30 na linamweleza mtu kazi ya programu kabla hajagusa chochote. Usipoteze nafasi hiyo kwa kuandika «bora», «namba moja» au «bure», kwa kuwa sera za Google zinakataza maneno ya namna hiyo kwenye jina, na usirundike maneno yaleyale mara kumi ndani ya maelezo ukidhani utapanda. Hilo nalo limekatazwa, na zaidi ya hapo msomaji huona mara moja kwamba haandikiwi yeye. Andika ukurasa wa Kiswahili kamili, uliosahihishwa, na ukiweza uandike mwingine wa Kiingereza kwa wanaotafuta kwa lugha hiyo, badala ya kuchanganya lugha mbili katika ukurasa mmoja.

Kuna neno moja ninalowaonya wanaoanza kuwa waangalifu nalo sana, nalo ni «mkopo». Kikoba hukopesha, hivyo ni rahisi kuliweka kwenye jina kwa matumaini ya kuvuta watu wengi, na kweli litawavuta. Wengi wao hata hivyo watakuwa watu wanaotafuta fedha siku hiyohiyo. Watapakua, watakuta daftari la hesabu, watatoa nyota moja na kuandika «mbona sipati mkopo», kisha wataifuta programu. Idadi ya waliopakua itaonekana kupanda wakati sifa ya programu inashuka, na duka litajifunza kuionyesha kwa watu wasio wake. Zaidi ya hayo, programu za mikopo zinaangaliwa kwa jicho kali, na kwa haki: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ikiwa programu yako haikopeshi, sema hivyo waziwazi katika sentensi za mwanzo za maelezo yako.

Baada ya jina, kinachoamua ni picha za skrini. Unaruhusiwa hadi nane kwa simu, lakini watu wengi huona mbili au tatu za mwanzo na kuamua hapohapo. Picha ya kwanza isiwe ya kukaribisha wala ya kuingia kwenye akaunti. Iwe ukurasa wa kikao chenyewe, wenye tarakimu zinazosomeka kwenye skrini ndogo na majina yanayofanana na ya kwetu, kwa mfano «Mama Asha, hisa 3, shilingi 15,000». Katibu akiiona, atalitambua daftari lake. Play Console, yaani ukurasa wa Google ambako msanidi husimamia programu yake, ina huduma ya kulinganisha matoleo mawili ya aikoni au picha kwa kuyaonyesha kwa wageni tofauti, nayo ni huduma nzuri, ila kwa programu yenye wageni wachache kwa siku majibu yake huchelewa sana na mara nyingi hayasemi lolote la uhakika. Katika hatua hiyo ni afadhali kuwaonyesha picha zako makatibu wawili au watatu na kuwauliza wanadhani programu hiyo inafanya nini.

Tuseme sasa mtu amekufikia na ameamua kupakua. Hapa ndipo wasanidi wengi hupoteza watu bila kujua, kwa sababu wao hutumia intaneti ya ofisini na simu yenye nafasi kubwa, wakati mtumiaji anahesabu bando lake kwa MB na simu yake inamwambia kila mara kwamba nafasi imejaa. Mwaka 2017 Google ilieleza kwamba kila ongezeko la MB 6 katika ukubwa wa programu liliambatana na kushuka kwa asilimia 1 kwa kiwango cha waliokamilisha usakinishaji. Daftari la kikoba halina sababu ya kuwa na video ya ufunguzi wala fonti sita. Lifanye dogo, liwe na uwezo wa kufanya kazi bila intaneti, na lisimtake mtu kujisajili kwa namba ya simu kabla hajaona hata ukurasa mmoja. Mwache aunde kikundi, aweke majina matano, aone jumla inavyojikokotoa, kisha ndipo umwombe akaunti kwa sababu anayoielewa, yaani kuhifadhi hesabu zake endapo simu itapotea. Usiombe ruhusa ya kusoma orodha ya namba za simu kama huihitaji, kwa maana watu wetu wamekwisha kuumizwa na programu za mikopo zilizowapigia ndugu na mabosi wao, na wana haki ya kuogopa.

Nikiulizwa ni jambo gani moja lenye nguvu kuliko mengine yote, nitasema ni kile ambacho programu inakitoa nje ya yenyewe. Mwaka 2021 Josh Wardle aliweka mtandaoni mchezo wa maneno wa Wordle. Tarehe 1 Novemba ulichezwa na watu 90, na tarehe 2 Januari 2022 walikuwa zaidi ya 300,000. Katikati ya hapo, mwezi Desemba, aliongeza uwezo wa kunakili matokeo ya mchezaji kwa namna ya miraba ya rangi isiyofichua jibu, na watu wakaibandika miraba hiyo mitandaoni kila siku kwa hiari yao. Sisemi kwamba daftari la kikoba litafikia idadi hizo. Ninachosema ni kwamba kila kikao cha kikoba huzaa taarifa ambayo wanachama wote wanaitaka: nani amenunua hisa ngapi, nani amerejesha, sanduku lina kiasi gani. Ikiwa programu yako inaweza kutengeneza taarifa hiyo kuwa picha moja safi, yenye jina la kikundi juu, tarehe, jedwali, na chini yake kwa maandishi madogo jina la programu, katibu ataituma kwenye kundi la WhatsApp la kikoba kabla wanachama hawajafika nyumbani. Wanachama hao, hasa akina mama wafanyabiashara, mara nyingi wamo kwenye kikoba zaidi ya kimoja. Watamwuliza katibu wa kikundi kingine kwa nini wao hawapati taarifa kama ile. Swali hilo lina uzito kuliko tangazo lolote utakaloweza kulilipia.

Kumbuka tu kwamba watu wetu wengi hurushiana programu kwa Xender au kwa Bluetooth ili kuokoa bando. Programu iliyopakuliwa Play Store siku hizi mara nyingi huwa imegawanywa vipande kulingana na aina ya simu, na mtu akirusha kipande kimoja tu, mwenzake anaweza kukuta programu inayojizima kila akiifungua. Katika taarifa na vipeperushi vyako weka kiungo cha dukani, na ndani ya programu weka kitufe cha kushiriki kiungo hicho.

Suala la nyota na maoni linahitaji utulivu. Tangu Novemba 2021, mtumiaji wa simu huona wastani wa nyota uliotolewa na watu wa nchi yake, si wa dunia nzima. Kwa msanidi mdogo hii ni nafasi nzuri: unaweza kuifungua programu kwa Tanzania peke yake, ukajenga sifa nzuri hapo, ndipo ukaifungua Kenya ukiwa umeongeza maneno na utaratibu wa chama. Omba maoni kupitia kisanduku rasmi cha Google kinachojitokeza ndani ya programu, na kiite mtu anapokuwa amemaliza jambo lililomfurahisha, kwa mfano baada ya kufunga hesabu za kikao cha tatu bila tofauti, kamwe si dakika ya kwanza. Usimwulize kwanza kama ameipenda ili uwapeleke dukani walioridhika peke yao. Google haitaki, nawe utajinyima habari unazozihitaji. Usinunue nyota na usiwape watu vocha ili wakuandikie sifa. Kila malalamiko yajibu kwa jina na kwa heshima, ndani ya herufi 350 zinazoruhusiwa, na ukishaitengeneza hitilafu rudi useme imetengenezwa katika toleo lipi, kwa sababu mtu anaweza kubadilisha nyota alizotoa, na wengi hubadilisha wanapoona wamesikilizwa.

Duka lenyewe nalo lina kipimo chake kuhusu ubora, na wengi hawakijui. Ikiwa zaidi ya asilimia 1.09 ya watumiaji wako wa kila siku wanakumbana na programu kujizima ghafla, au zaidi ya asilimia 0.47 wanakuta imeganda bila kujibu, Play Store inaweza kupunguza kuionyesha kwa watu. Kwa aina moja ya simu kipimo ni asilimia 8, na ikivuka hapo wenye simu hiyo wanaweza hata kuonyeshwa onyo kwenye ukurasa wako. Kwa hiyo mtu anayejaribu programu yake kwenye simu ya bei kubwa peke yake hajaijaribu kwa ajili ya soko letu. Tafuta itel au Tecno ya bei ya chini, yenye kumbukumbu ya GB 2 au pungufu, iliyojaa picha na nyimbo kama simu za watu zilivyo, na uifanye kuwa simu yako ya kazi. Kila toleo jipya litoe kwa sehemu ndogo ya watumiaji kwanza, uangalie takwimu hizo, ndipo uendelee.

Matangazo ya kulipia yana wakati wake, nao ni baada ya kuona kwamba waliopakua wiki nne zilizopita bado wanaifungua. Kabla ya hapo unalipia watu wa kuja na kuondoka. Video fupi za TikTok zinaweza kusaidia mapema zaidi, mradi zionyeshe shida yenyewe na si uzuri wa programu: daftari lililochanganyikiwa, hesabu ya mgao, kisha jibu kwenye skrini, yote ndani ya nusu dakika. Kila mahali unapoweka kiungo, kiwekee alama yake ya utambulisho ili Play Console ikuonyeshe wageni wametoka wapi na wangapi kati yao wamesakinisha. Utashangaa mara nyingi kuona kwamba mkutano mmoja wa makatibu wa kata umeleta watumiaji wa kudumu kuliko ukurasa wenye wafuasi wengi.

Kuhusu iPhone, nasema kwa ufupi. Ada ya Apple ni dola 99 kila mwaka, wakati ya Google ni dola 25 mara moja tu, na makatibu wengi wa vikundi wana simu za Android. Anza na ilipo hadhira yako. Ukifika huko baadaye, fahamu kwamba App Store haina utaratibu uleule: jina lina herufi 30, kichwa kidogo 30, na kuna sehemu ya herufi 100 ya maneno ya utafutaji isiyoonekana na watu, hivyo usinakili tu ulichoandika Play Store.

La mwisho ni kalenda, ambayo wasanidi wengi huisahau. Vikoba vingi huvunjwa mwezi Desemba, wanachama wakagawana kulingana na hisa zao, kisha mzunguko mpya ukaanza Januari au Februari. Katibu hahamishi hesabu katikati ya mzunguko, hata akiipenda programu yako kiasi gani, kwa sababu akikosea anawajibika mbele ya wenzake wote. Kwa hiyo toleo lako la kikokotoo cha mgao liwe dukani na limetulia kufikia katikati ya Oktoba, likimruhusu mtu kuingiza jumla ya hisa za kila mwanachama na kupata mgawanyo wake bila kuandika historia ya mwaka mzima. Novemba peleka kikokotoo hicho kwa vikundi unavyovijua. Desemba usibadilishe chochote isipokuwa hitilafu, na simu yako iwe wazi jioni za mwisho wa wiki, kwa kuwa ndipo vikundi vinapogawana. Wiki ya kwanza ya Januari, mfungulie katibu aliyetumia kikokotoo ukurasa wa kuanzisha mzunguko mpya, majina ya wanachama wake yakiwa yameshaingizwa, bei ya hisa ikisubiri kuandikwa.